Pilipili ya Mlango wa Kumi na Saba

Kufuli lilipotiwa mlango wa kumi na saba
Nanjala alikuwa ameondoka siku mbili,
na godoro, na jiko, na mwanawe,
bila kuaga. Deni haliagi.
Kilichobaki ni pazia, kiti cha plastiki,
na pale roshani, ndani ya ndoo ya rangi
iliyotobolewa kitako kwa msumari wa moto,
mche wa pilipili mbuzi.

Kati ya roshani yake na yangu
kuna vyuma, na pengo la mkono mmoja na nusu.
Nikafunga chupa ya soda kwenye mpini wa ufagio,
nikatoboa kifuniko, nikajinyoosha.

Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Aliyesema hivyo
hakuwahi kuitazama ikinyauka saa nane mchana,
majani yamelala
kama masikio ya mbwa aliyekemewa.

Maji ya mfereji huku Zimmerman
huja Jumanne, usiku wa manane, yakikohoa.
Siku nyingine ilikunywa nilichokuwa nacho:
maji ya kuoshea mchele, masalia ya chai iliyopoa.
Mwezi wa saba, ile baridi yetu isiyo na jua wala mvua
ikapukutisha maua yote, moja baada ya jingine,
nikayahesabu sakafuni kwa jirani
nisiyeweza hata kumfagilia.

Kisha vidukari.
Nikachanganya sabuni na majivu, nikarusha,
nusu ikawapata wao,
nusu ikashukia shuka za Nyambura wa chini.
Akapanda ngazi, shuka begani:
Unafuga nini huko juu?
Pilipili.
Yako?
Hapo nikatazama viatu vyangu.

Nitasema nini? Jumapili
Nanjala alikuwa akikata moja, moja tu,
kwenye sufuria ya maharagwe,
na harufu ikavuka pengo bila kubisha hodi.
Mimi huku, chafya.
Yeye kule, kicheko.
Huo ndio ujirani wetu wote.
Mwanawe nilimjua kwa kikohozi,
jina sikuwahi kuuliza.

Mwezi wa tisa ikazaa.
Kijani kwanza, yenye mikunjo
kama uso wa mtoto wa siku moja,
halafu manjano, halafu rangi ile
ambayo jicho huiona na ulimi ukajikunja.
Kumi na moja. Zote upande wa mbali,
ufagio wangu hauchumi.

Musembi akaja na funguo na daftari.
Kiti, akaandika. Pazia, akaandika.
Ndoo moja na mmea.
Nikasema, huo mmea ungekufa mwezi wa tano.
Akasema, haukufa, kwa hiyo ni mali.
Mia tatu.
Nikampa mia mbili na pilipili nne za mti uleule,
akazitia mfuko wa shati, akaridhika.
Jioni nikamsikia kwenye mfereji wa ua,
siku isiyo ya maji,
akiulaani mkono wake mwenyewe
na kuomba mwenye akiba ndani amwoshe jicho.
Nilishuka na jagi. Sikucheka
mpaka niliporudi ngazi ya pili.

Sasa ndoo iko kwangu, imegeuziwa jua la asubuhi.
Jana nilikata moja, moja tu,
kwenye maharagwe, nikafungua mlango wa roshani,
nikasubiri.
Kumi na saba bado tupu.
Chafya ilikuwa yangu.

Mbegu nimezianika juu ya kipande cha gazeti,
thelathini na nane, nimehesabu mara mbili
na vidole bado vinawaka.
Kumi na tisa nitapanda.
Kumi na tisa nimezikunjia karatasini,
nikaandika juu kwa kalamu ya wino: za Nanjala.
Namba yake sina.
Karatasi nimeichomeka nyuma ya mita ya stima,
mahali ambapo mtu anayerudi usiku
hupapasa kwanza.